Vidole Viwili vya Akiba

Babu yangu alianza biashara na cherehani moja ya miguu na kiti cha kuazima, kwenye kibaraza cha mtu aliyetishia kumfukuza kila mwisho wa wiki. Hayo nimeyasikia tu, sikumkuta. Nilichokikuta ni duka lenyewe: chumba kirefu chembamba, kaunta ya mbao upande wa kushoto, rafu mpaka darini, sanamu mbili za kuvalisha zisizo na vichwa, na nyuma ya pazia la kijani chumba cha kushonea chenye dirisha moja. Nimefanya kazi nyuma ya pazia hilo miaka ishirini na miwili. Nikifumba macho naweza kukuambia kila msumari uko wapi, na sijaona bado faida ya kujua hivyo.

Mji mzima unasema "kwa Futi". Futi wa kwanza alikuwa babu, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni kutwa. Hata msibani aliwahi kwenda nayo, akawa anajiuliza kwa nini watu wanamtazama. Alipokufa, jina likamrukia baba pamoja na futi yenyewe. Mimi ni Kifungo. Nilikimeza kimoja nikiwa na miaka mitatu, na mji mdogo hausahau.

Babu aliacha sheria mbili. Ya kwanza: mteja haulizwi saizi yake. Kumuuliza mtu mnene unene wake mbele za watu ni kumvua nguo, alisema, na sisi kazi yetu ni kuvisha. Ya pili: kitambaa cha akiba hakikatwi. Ndani ya kila mshono, kiunoni, ubavuni, kwenye pindo, unaacha vidole viwili vya kitambaa. Mafundi wengine walimcheka kwamba anashona hasara. Yeye akawajibu kwamba mwili si jiwe, huenda ukarudi. Ndiyo maana suruali moja ya sare kutoka kwetu iliweza kuvaliwa na kifungua mimba, ikafunguliwa mshono, ikavaliwa na wa pili, ikapunguzwa, ikamalizikia kwa kitinda mimba ikiwa haina rangi lakini ina heshima zake.

Sheria ya kwanza ilimfaa baba kuliko mtu yeyote, maana baba alikuwa na jicho. Mtu akivuka kizingiti, kabla hajamaliza kusalimu, baba ameshageukia rafu na kushusha shati lake. Hakukosea. Kulikuwa na mke wa mwalimu mkuu aliyeapa miaka kumi mfululizo kwamba yeye ni saizi thelathini na nne. Baba alimshushia arobaini, akamwambia kwa uso mkavu, "Kiwanda hiki kinabania, mama. Chukua hii." Nyuma ya pazia mama yangu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mimi nikang'ata kitambaa nisisikike.

Mama alikuja pale kama fundi wa kuajiriwa kabla ya kuwa mke. Siku ya kwanza baba alimpima kwa ajili ya gauni la kazini, na kwa simulizi ya mama mwenyewe, futi ilimponyoka mara tatu. Vipimo hivyo viko kwenye daftari letu la vipimo, ukurasa wa kumi na tisa, kwa wino. Baada ya hapo hakumpima tena. Kila alipozaa, baba alimtazama tu, akaandika tarakimu nyingine kwa penseli kando ya zile za wino. Mama alikuwa akisema, "Nimeolewa na mwenye macho, futi ya nini?" Alijivunia hilo. Ilikuwa namna yao ya kupendana, na sisi watoto tuliiona ya kuchekesha.

Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na minne, watu wakiwa wameshasema kwamba mimi niliolewa zamani na cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu mpole, haonekani nyumbani ila kwa vipindi. Kwa ajili ya harusi hiyo baba aliamua kumshangaza mama. Alikata mwenyewe gauni la samawati, akalishona asubuhi mapema kabla hatujafika dukani, akalificha kwenye sanduku la vitambaa vya sare ambavyo hakuna anayevigusa mpaka shule zifungue. Alikata kwa kufuata ukurasa wa kumi na tisa, tarakimu za mwisho za penseli. Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nimekaa kitandani nikisukwa, mama akaingia chumba cha pili kulivaa. Alipotokea ukumbini shangazi zangu walianza kwa kucheka. "Futi leo kazidisha akiba!" mmoja alisema. Gauni lilikuwa limeanguka bega moja. Kiunoni lilifanya mikunjo mizito, na mikono ya mama ilitoka kwenye ile mikono ya gauni ikiwa myembamba, ngozi imelegea juu ya kiwiko. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Baba alisimama mlangoni na pini mdomoni. Alimwendea kwa nyuma, akashika kitambaa cha ziada kiunoni, kikajaa ngumi zake zote mbili.

"Inchi saba," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe pini, Baba Kifungo. Watu wanangoja."

Tulimbana kwa pini kumi na nne. Kwenye picha za harusi yangu mama amesimama wima kuliko watu wote, na wageni wakiziona husema alikuwa na madaha. Zilikuwa pini.

Wiki iliyofuata tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, hakututazama, aliitazama karatasi. "Mngemleta mapema kidogo," alisema. Miezi minne baadaye tulimzika.

Sasa nieleze jinsi mafundi wawili, mimi na baba, tuliokuwa tukishinda naye chumba kimoja, tulivyoshindwa kuona mtu anaisha. Nimekuwa na miaka sita ya kulifikiria na jibu ni fupi. Jicho la baba halikutazama mwili. Lilitazama nguo: imevuta wapi, imelegea wapi, mshono wa bega umeangukia wapi. Nguo ikikaa sawasawa, jicho liliridhika likaendelea na safari zake. Na nguo za mama zilikaa sawasawa kila siku ya Mungu, kwa sababu mama alikuwa fundi. Mchana baba alipokwenda nyumbani kula na kulala kidogo, mama alibaki nyuma ya pazia, akageuza gauni lake moja ndani nje, akalipunguza nusu inchi. Wiki nyingine jingine. Angekuwa mke wa mwashi au wa mwuza samaki, nguo zingemwanika mapema. Sisi tulijificha kwa ufundi wetu wenyewe.

Na mimi? Macho ya mama ya karibu yalikuwa yameshachoka. Mimi ndiye niliyemtungia uzi. Kila mchana alininyooshea sindano bila kuinua kichwa, nikaitunga, nikamrudishia. Niliuliza mara moja tu anafanya nini. "Narekebisha," alisema. Nikasema haya, nikarudi kwenye mifuko ya suruali.

Msibani watu walitoa methali zao kama kawaida. Mmoja alisema mficha maradhi kifo humuumbua, nikatamani kumchoma pini mgongoni. Mwingine alinong'ona kwamba kinyozi hajinyoi, na baba alimsikia, nilimwona alivyomsikia. Sikulia. Nilipokea watu, nikagawa viti, nikakunja nguo za marehemu, nikazifunga kwenye sanduku la bati na kulipandisha juu ya kabati la chumba cha kushonea. Nilijiambia kilio kitakuja chenyewe. Hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila haikuniishia.

Baba naye jicho lilifungwa. Sijui namna nyingine ya kusema. Alianza kuwauliza wateja saizi zao, tena kwa sauti. Wakimjibu hakuamini, akawapima, akapima tena, akapima mara ya tatu, macho kwenye tarakimu za futi, hakuna anayetazamwa usoni. Mke wa mwalimu mkuu alipimwa kiuno mbele ya wateja wanne na hajarudi mpaka leo. Vijana walifanya mzaha kwamba Futi siku hizi anapima hata leso. Wateja walikuwa wameanza kutuhama hata kabla, kuna mitumba, kuna nguo za tayari za bei ya kutupa, lakini waliobaki walikuwa wakija kwa ajili ya lile jicho. Lilipokosekana, walibaki wa sare tu.

Mimi nilikuwa nikifungua saa mbili na kufunga saa kumi na mbili. Nilikula nikikumbuka. Sketi zangu zilianza kunipwaya, nikazibana pini, nikasema ni mambo kuwa mengi. Kwa kweli mambo hayakuwa mengi. Kwa siku tulihudumia watu watano.

Kaka yangu, aliyehama mjini zamani na anayejua bei ya kila kitu, alipata mnunuzi. Mwenye duka la dawa alilitaka jengo letu kwa kuwa liko kwenye kona na lina kivuli mchana. Kaka akampigia baba simu. "Fanyeni mnavyoona," baba alisema. Kaka akaniuliza mimi. Nikasema, "Fanyeni mnavyoona," kwa sauti ileile, na nikashtuka kidogo kusikia inavyofanana.

Nisiseme uongo kwamba nililipenda duka. Nililizoea, ambalo ni jambo jingine. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja na sikumwambia mtu: baba aninyanyulie macho. Miaka sita tulikaa hatua tatu mbali, yeye mezani na mimi kwenye cherehani, na hakuwa amenitazama. Nilijua tukishatoa meza na cherehani, atakaa nyumbani akitazama sakafu mpaka afe, na mimi nitampelekea chakula, naye atakipokea bila kuinua kichwa. Hilo lilikuwa likinitisha. Lilikuwa jambo pekee lililobaki la kunitisha.

Kaka alifika na mnunuzi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, karatasi za kutia sahihi zikiwa kwenye bahasha ya kaki. Walibaki mbele wakipima ukuta kwa futi ya chuma, wakisemezana kuhusu friji la dawa litakakokaa. Mimi na baba tulikuwa nyuma tukifunga mizigo. Ndipo Mama Mboga akaingia.

Mama Mboga anauza mchicha na nyanya upande wa pili wa barabara. Alikuwa rafiki wa mama kwa miaka thelathini, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita wateja hata anapoomba siri.

"Shikamoo, Mzee Futi."

"Marahaba."

"Nimesikia mnaondoka. Sikuja kuwachelewesha. Nilikuwa naomba gauni moja la marehemu. La kahawia lile la kazini, lenye mifuko. Mlilegeze kidogo linienee, nivae sokoni, nimkumbuke."

Nilimtazama baba. Alisogeza kiti. Nikapanda, nikashusha sanduku la bati, nikafukua gauni la kahawia. Lilikuwa bado na harufu ya chaki na sabuni ya mche. Nilitaka kulifumua mimi, baba akaninyang'anya kwa upole. Alikuwa fundi anayepewa kazi, na kazi huifanya.

Aligeuza gauni ndani nje, akalitandaza mezani chini ya dirisha, akachukua wembe wa kufumulia. Halafu mkono ukasimama hewani.

Mama Mboga alifikiri amekasirika. "Kama haiwezekani, Mzee, basi, tusi..."

"Subiri," baba alisema.

Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Kwenye ubavu wa gauni kulikuwa na mstari wa mshono, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Alipitisha ukucha juu ya mistari hiyo polepole. Wa kwanza ulikuwa wa uzi wa kahawia. Wa pili uzi mweusi, sindano za karibukaribu, kazi nadhifu kama ya siku zote. Wa tatu mweusi. Wa nne ulikuwa mweupe, kwa kuwa wakati huo tulikuwa tukishona mashati ya shule na mashine zote zilikuwa na uzi mweupe, nami ndiye niliyemtungia. Wa tano ulikuwa umepinda.

"Mitano," baba alisema.

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Nusu inchi kila upande, kila mstari." Akaviringisha vidole kwenye kitambaa kilichobaki ndani, ambacho sasa hakikuwa vidole viwili, kilikuwa karibu kiganja kizima, kimelazwa na kupigwa pasi kisivimbe. "Hakukata."

"Hakukata nini?" Mama Mboga aliuliza.

"Kitambaa. Kikiwa kingi hivi kinakwaruza mbavu. Fundi akijua mwili haurudi, anakikata, anatupa, anastarehe." Sauti yake ilikuwa ileile ya kupimia watu, bapa, lakini aliendelea kusema, na kwa miaka sita sikuwa nimemsikia akisema sentensi tatu zikifuatana. "Huyu alivumilia kukwaruzwa. Alikuwa anangoja kunenepa. Alikuwa anataka siku moja afumue hii, halafu hii, halafu hii, arudi pale pale, mimi nisijue kitu."

Mbele ya duka kaka alikuwa akicheka jambo na mnunuzi. Nilitazama mstari mweupe. Nilijaribu kukumbuka mchana ule, sindano ile, nikakuta siikumbuki hata moja. Zote zilikuwa sindano tu. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi kuliko kifo chenyewe, na ninakisema hapa kwa kuwa sijapata kukisema kwingine.

Baba akaweka wembe chini. Akainua kichwa, nadhani amwambie Mama Mboga aje kesho. Macho yake yakapita kwangu, yakaendelea, yakarudi.

"Simama vizuri," alisema.

"Nimesimama, Baba."

"Geuka."

Niligeuka. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Pini ngapi hizo?"

"Mbili." Kisha nikasema, "Tatu."

"Tangu lini?"

"Sijui. Mwaka jana mwishoni."

"Nguo ngapi umepunguza?"

Nilitaka kusema nilikuwa narekebisha tu. Neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, na nililitambua ni la nani, nikalimeza.

"Zote," nilisema.

"Mumeo anajua?"

"Yuko safarini."

"Geuka huku." Nikageuka. Alinitazama kuanzia mabegani kushuka, si sketi, si blauzi, mimi, kwa lile jicho lililokuwa likishusha mashati kabla mtu hajamaliza kusalimu. Hakugusa futi. "Kiuno kilikuwa thelathini na moja," alisema. "Sasa ni ishirini na sita. Uongo?"

Sikuwa najua. Sikuwa nimejipima. Baadaye muuguzi alinipima, nikaona ni ishirini na sita kamili.

"Baba, mimi sina kitu. Ni kutokula tu vizuri. Mawazo."

"Na yeye alisema hana kitu." Akavua futi shingoni. Nilikuwa sijawahi kumwona akiivua dukani. Akaikunja, akaiweka juu ya gauni la kahawia, akamwambia Mama Mboga, "Gauni nitakufumulia, mama, mistari yote mitano. Lakini si leo." Kisha akanishika kifundo cha mkono, akafungua pazia.

Kaka aligeuka na bahasha yake. "Baba, tumeshaona tunapoweza kuanzia. Imebaki sahihi tu."

"Duka limefungwa."

"Ndiyo, ndiyo maana tuko hapa. Weka sahihi, halafu..."

"Limefungwa sasa hivi. Nampeleka dada yako hospitali."

"Anaumwa?" Kaka alinitazama kana kwamba nimeingia kupitia ukutani. "Kifungo, unaumwa?"

"Sijui," nilisema, na lilikuwa jibu la kweli la kwanza kulitoa kwa muda mrefu.

"Na karatasi, Baba? Huyu bwana ametoka mbali."

"Karatasi haipungui," baba alisema. "Itanikuta."

Mnunuzi akajipanga ukutani tupite, futi yake ya chuma ikarudi ndani ya kibweta chake kwa mlio. Nje jua lilikuwa kali. Baba hakuwa amechukua kofia wala fimbo, na alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, lakini alinivuta kwa kasi kama anayevusha mtoto barabara, tukapita duka la viatu, tukapita kinyozi, watu wakitoka milangoni kumwona Futi bila futi. Mbele ya kinyozi ndipo ile ganzi yangu, kama ya mguu uliokaliwa, ikaanza kuchomachoma. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, mimi niliyegawa viti msibani kwa mama yangu bila chozi. Nilijaribu kusimama nijifute.

"Lia tu," baba alisema, bila kuniachia mkono. "Lakini utembee."